Mguu Usiouma

Jumatatu, 2 Juni

Sukari asubuhi: kumi na tatu. Muuguzi wa kliniki kasema niandike namba kila siku. Haya, nimeandika. Daftari lenyewe ni la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Lakini namba moja ukurasa mzima inakaa kinyonge, basi naongeza maneno. Hakuna wa kuyasoma. Mume wangu Mzee hasomi kitu kisicho na picha ya lori.

Leo cherehani imenitia wazimu! Nakanyaga pedali, gurudumu linarudi nyuma. Uzi unakatika. Natunga upya, nakanyaga, inaenda, inaenda, halafu hiyoo, inarudi. Mara tatu kwenye pindo moja. Hayo ni mambo ya wanaojifunza, tena wiki ya kwanza. Mimi nimekalia kiti hiki miaka thelathini na moja.

Nimekaza mkanda. Nimetia mafuta. Wapi!

Nina aproni thelathini na mbili za watoto wa chekechea, na gauni la mwalimu wao. Zote tarehe ishirini. Cherehani imechagua wakati mzuri wa kunifanyia vituko.

Jumatano, 4 Juni

Sukari kumi na mbili.

Nimemwita Bisibisi, fundi wa cherehani. Kaifungua yote, kaipangusa, kairudishia. Kakaa yeye, na viatu vyake vikubwa vile, kakanyaga. Inateleza kama maji. Nikakaa mimi, miguu mitupu kama siku zote, maana nikivaa viatu siisikii pedali. Gurudumu likarudi nyuma. Akakaa yeye — safi. Nikakaa mimi — uzi kata.

Kaangalia dari. Kasema labda fundi umechoka, pumzika siku mbili. Nikamwambia nimechoka na yeye! Akacheka, akafunga mkoba wake. Mlangoni akasema kitu kimoja: niangalie mguu wangu wa kulia ninapouweka.

Nikaangalia. Nusu ulikuwa nje ya pedali. Kidole gumba kinaning'inia hewani. Na mimi ningeapa mbele ya hakimu kwamba uko katikati.

Nani kausogeza?

Ijumaa, 6 Juni

Sukari kumi na moja. Afadhali.

Sasa nashona huku naangalia mguu. Taabu yake: ukiangalia mguu huangalii sindano. Nimeshona mfuko juu chini kwenye aproni ya saba. Mtoto akitia kitu kinamwagika chote. Nimefumua.

Jambo jingine la ajabu. Mchana niliona joto, nikainama nivue soksi. Nimeshika kisigino, navuta, navuta. Sina soksi! Sikuvaa soksi tangu asubuhi. Lakini ninavyosikia, kuna soksi nene mpaka kwenye kifundo. Nikatazama mlangoni kama kuna mtu kaniona. Hakuna.

Nimempigia Dada simu. Yeye ndiye mkubwa, ana jibu la kila kitu. Kasema damu haizunguki, niupigepige mguu. Nimeupigapiga. Mkono ndio umeuma.

Jumanne, 10 Juni

Sukari kumi na nne.

Sijui niandikeje hili.

Mwalimu wa chekechea kaja kujaribu gauni. Kasimama anajitazama kwenye kioo kikubwa. Mimi nimepiga magoti mbele yake, mgongo kwenye kioo, napanga pindo, pini nne mdomoni. Anaongea kama kawaida yake, hana nukta. Mara kanyamaza. Nikadhani nimemchoma. Nainua macho, haniangalii mimi wala gauni. Anaangalia kwenye kioo, chini, nyuma yangu.

"Fundi, una pini mguuni."

Nikazitema za mdomoni, nikamwambia ziko hapa.

"Mguuni," akasema. "Kwenye unyayo."

Nikakaa sakafuni, nikaukunja mguu wa kulia kwa shida, tumbo hili nalo. Ipo. Chini ya kidole gumba. Kichwa chekundu, kimekaa sawasawa kwenye ngozi kama kifungo. Nikaivuta. Ikaja, ikaja, yote. Mwalimu kajifunika macho kwa mikono miwili, analia "jamani, jamani". Mimi natazama tu. Damu hakuna. Tone la maji basi. Haikuuma kutoka. Kuingia nako haikuuma, la sivyo ningejua!

Akauliza kama siumii. Nikacheka. Nimecheka kweli, nikamwambia mguu wangu ni wa chuma. Naye akacheka kidogo, akavua gauni haraka kuliko siku zote.

Alipoondoka nikaenda kwenye droo. Pini za vichwa vyekundu ziliisha katikati ya Mei. Tangu hapo natumia za bluu.

Sasa hii iliingia lini?

Jumatano, 11 Juni

Sukari kumi na tano.

Mzee kaniangalia unyayo na tochi. Kaendesha malori miaka ishirini na saba, kajilaza chini vilevile kama yuko uvunguni mwa lori. Kasema ni katundu, hata sisimizi hapiti. Akabana kidole gumba, akauliza unasikia? Nikasema ndiyo. Baadaye ndiyo nikawaza: nilisikia, au niliona mkono wake? Siwezi kujua. Nimejaribu kujibana mwenyewe na macho nimefumba, lakini hapo mkono unajua unachofanya, unauambia mguu. Nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyoanza.

Nimebandika plasta.

Na hili silielewi kabisa. Maumivu ndiyo yanayosema una ugonjwa, si ndiyo? Jino likiharibika linauma. Tumbo linauma. Kitu kisichouma kina shida gani? Dada kasema hivyohivyo kwenye simu: hakiumi, basi kinapona. Halafu sauti yake ikashuka. Kasema usithubutu kwenda hospitali na kidole. Mama alienda na kidole.

Hakuhitaji kunikumbusha. Mama alikuwa na sukari kama mimi. Alienda na kidole kimoja cheusi. Wakakata kidole. Wiki tatu, wakakata mguu kwenye kifundo. Halafu chini ya goti. Miezi minne tukamzika. Dada ndiye aliyemuuguza, mimi nilikuwa mjamzito. Kwa Dada, waliomuua Mama ni wenye misumeno.

Mimi sijui ni nani aliyemuua. Sijawahi kumjibu Dada kwa hilo.

Jumamosi, 14 Juni

Sukari kumi na tisa! Nimepima mara mbili, nikidhani kipimo kimekufa. Kumi na tisa.

Nimekula nini? Maharage kidogo na mboga. Chai kavu. Vidonge nimekunywa vyote. Mzee kaniangalia kwa jicho lile, kauliza kama nina biskuti dukani. Biskuti! Nikamwambia aende akapekue. Akaenda kweli! Karudi na kopo la vifungo, kalitikisa, kaliona ni vifungo, kaliweka mezani bila kuomba radhi.

Mwili unatetemeka kidogo, kama homa. Plasta ilikuwa imelowa. Nimebadilisha. Ngozi pembeni imekuwa ya kijivu, imevimba laini. Nimegusa. Hakuna kitu. Haiumi hata chembe.

Aproni tisa zimekamilika leo. Kazi inakwenda. Mtu mgonjwa angeshona aproni tisa?

Jumatatu, 16 Juni

Sukari kumi na nane.

Dukani kuna panya kafa. Harufu imeanza toka jana nilipofungua kuchukua mkasi, leo imezidi. Kinyozi wa mlango wa pili kaja na kitana mkononi, pua kaikunja, kasema fundi, kuna mzoga humu, wateja wangu wanalalamika. Nikamwambia wateja wake wananuka wenyewe. Lakini kweli ilikuwa inanuka.

Tukaanza kutafuta. Tumetoa marobota yote ya vitambaa mpaka barazani. Tumeinua kabati, yeye huku mimi kule. Tumepata miwani yangu iliyopotea Machi, bobini tano, na mjusi mkavu nyuma ya pasi. Tukashangilia! Mhalifu kapatikana! Kinyozi kambeba kwa karatasi mpaka pipani kama anamzika waziri, na mimi nyuma nikijifanya nalia. Tulicheka mpaka machozi.

Tukarudi ndani. Harufu ipo palepale.

Kinyozi kasema mjusi mkavu hanuki. Akaanza kunusa polepole, kona hii, kona ile. Akafika kwenye cherehani. Akainama kwenye pedali. Mimi nimekaa kwenye kiti, miguu pale. Akanyanyuka. Hakunitazama usoni. Kasema kaacha mtu kichwa nusu, akatoka.

Nimerudisha marobota ndani peke yangu.

Jumanne, 17 Juni

Si panya.

Mzee alifungua dirisha nilipotoa plasta. Katundu si katundu tena, kidole changu cha mkono kinaingia. Kesho asubuhi anakwenda nami kliniki. Dada sijamwambia.

Naogopa.

Jumatano, 18 Juni

Nipo hospitali. Wamenilaza. Nimemwambia Mzee aniletee daftari, kanitazama kama nimeomba kuletewa cherehani.

Kliniki muuguzi kafungua kitambaa, kanifokea mbele ya watu wote. Kwa nini sikuja mapema! Nikamwambia hakikuuma. Akasema kutouma ndio ugonjwa wenyewe. Nikamwambia sielewi. Akavuta stuli, akakaa, akashusha sauti. Kasema sukari ikiwa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu, inaanza na ya miguuni kwa sababu iko mbali. Mguu unabaki bila mlinzi. Unachomwa, unaungua, unaoza, na mwenyewe anapiga soga. Damu nayo haifiki vizuri, kwa hiyo kidonda hakiponi. Na kidonda kikioza, sukari inapanda hata usipokula kitu. Biskuti za Mzee hizo!

Kasema kila siku mtu wa sukari ajikague nyayo, asitembee peku, akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Nikawaka. Miaka tisa nakuja hapa, kwa nini hakuna aliyeniambia?

Kasema anafundisha kila Jumatano, saa tatu, kwenye mabenchi.

Ni kweli. Nami nilikuwepo. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma na sketi za watu mapajani, nakunja mapindo kwa mkono ili muda usipotee. Miaka tisa. Nakumbuka sketi zote. Nilichofundishwa sikumbuki.

Wakanileta huku. Daktari ni kijana mpole, ana kidude chenye uzi wa nailoni mwishoni, mgumu kama ule wa kushonea vifungo vya makoti. Kasema fumba macho, nitakugusa unyayo, kila nikigusa sema ndiyo. Mtihani mdogo huo! Nikafumba. Ndiyo. Kimya kidogo. Ndiyo. Ndiyo. Nilikuwa najikaza nisikose hata mmoja. Nilisema sita.

Akaniambia nifumbue. Alikuwa bado anavaa glavu.

Akarudia. Safari hii alinigusa kweli, Mzee kanithibitishia, mara kumi. Nilikaa nasubiri aanze.

Akataka mguu wa kushoto. Nikauvuta. Nikamwambia huo hauna kesi, uache. Wakamwita kwenye dharura, akasema ataupima baadaye.

Alhamisi, 19 Juni

Sukari kumi na saba, na dripu ya dawa inaingia.

Picha imetoka. Daktari kaishika dirishani, kaonyesha na kalamu. Mfupa wa kidole gumba umeliwa. Kasema hivi, nimeandika kama alivyosema ili nisiongeze chumvi: wakitoa kidole sasa, mguu una nafasi nzuri. Tukingoja, uchafu utapanda, na hapo hataahidi kitu. Nikamuuliza, Mama yangu alitolewa kidole na bado ulipanda. Akaniuliza Mama alikuja hospitali siku ya ngapi. Sijui. Akauliza Mama alipewa kiatu gani baadaye, nani alimsafisha, sukari yake ilikuwa ngapi. Sijui, sijui. Ajuaye ni Dada.

Dada kafika mchana. Nani kamwambia? Mzee, nani mwingine. Kaingia na begi, kaniangalia kitandani, akalia kwanza. Halafu akafuta machozi kwa upande wa kanga, akaanza kazi. Kamwambia Mzee ameniuza. Mzee kasema yeye anataka mke mwenye vidole tisa kuliko picha ukutani. Wakagombana juu yangu, huku na huku, na mimi katikati natazama dripu.

Nilimuuliza Dada, Mama alikaa nyumbani siku ngapi na kile kidole kabla hajaenda. Akasema hayo ya nini sasa. Nikamuuliza tena. Akasema siku nyingi. Akaanza kupanga nguo zangu kwenye kabati.

Siku nyingi. Wiki? Miezi? Kwa hiyo nani aliyemuua?

Na pedali je? Mtu anayeshona kwa mguu anajua, kidole gumba ndicho kinachoanzisha. Kisigino kinarudisha, gumba linasukuma. Watu wanasema funga mota, lakini mota nayo inataka mguu wenye adabu, ukikanyaga kwa nguvu inakupitisha sindano kidoleni. Bila mguu mimi si fundi. Nitakuwa mama mmoja anayekaa barazani anaulizwa hali.

Aproni zimebaki kumi na moja. Mwalimu kasema nisijali. Huyo mwalimu katuma salamu kwa Mzee, kasema kila akifumba macho anaona kile kichwa chekundu. Hata mimi.

Ijumaa, 20 Juni

Sukari kumi na sita.

Saa nne asubuhi. Fomu iko juu ya kabati dogo, imebanwa na kikombe ili upepo usiichukue. Daktari kasema nafasi ya upasuaji ni saa saba. Sahihi ni yangu, si ya mume wala ya dada. Mzee alitaka kuiweka yeye, muuguzi kamrudisha.

Sielewi nimwamini nani. Mzee anajikaza kisabuni, katoka nje, namwona kwa dirisha anazunguka gari la watu anaangalia matairi. Kabla hajatoka alinishika bega. Kasema hata wakitoa mguu wa kulia wote, pedali ya cherehani ina nafasi ya miguu miwili. Nitajifunza kwa wa kushoto. Eti yeye alijifunza gia upya uzeeni, kwenye lori la usukani wa upande mwingine, na hakuua mtu. Nilicheka. Imenipa nguvu hiyo, sikatai. Asubuhi yote nimekuwa nauwaza huu wa kushoto kama mtoto wa akiba. Huu hauna pini. Huu mzima. Wiki mbili za mazoezi, ya tatu nachukua tena aproni.

Dada hataki kusikia. Begi limeshafungwa. Kasema gari lipo, tuondoke sasa hivi, kuna dawa ya kupaka anaijua, tena yeye mwenyewe atanisafisha asubuhi na jioni. Anasema kwa mapenzi, naona. Uso wake ni wa Mama mtupu akiwa amekasirika. Kaja kukaa kitandani, kajiachia pu, mgongo kwangu, anahesabu kwa vidole watu waliopona bila kukatwa. Yule. Na yule. Na shemeji yake yule. Naandika huku anaongea ili nisimjibu vibaya.

Anasema sisi wa ukoo huu tuna miguu ya kazi, haifi ovyo. Anapigapiga shuka anaposema miguu.

Nimetazama anapopiga, nimuonyeshe kwamba nasikiliza. Bandeji yangu iko upande wa ukutani, inaonekana vizuri, nyeupe, hakuna aliyeigusa. Upande wa Dada shuka limevutika, limekaza. Nimetafuta mguu wa kushoto chini ya shuka, uko wapi. Nimeufuata kwa macho kutoka gotini kushuka.

Ameukalia. Uzito wake wote. Ameukalia tangu alipomtaja yule wa kwanza.